Kuona na Kusadiki: Maneno Juu ya Kitabu cha Shaaban Robert na Mafundisho ya Maumbile

Waalimu wenzetu wa pwani hutuuliza mara kwa mara kama kitabu cha marehemu Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, Nchi Iliyo Angani, kilichochapishwa mwaka 1951, ni hadithi ya kufurahisha watoto tu, ama kina fundisho kwa mwalimu mwenyewe. Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa fupi: tulisema ni mfano wa utawala mbaya unaofunzwa kuwa mwema, na kwamba mwenye kukisoma ataijua thamani ya sheria. Jibu hilo si uongo, wala hatulikani. Lakini siku hizi twakisoma kitabu kile kwa namna nyingine, tukiona kwamba chini ya habari ya utawala mna habari ya macho: nani ameona, nani asadikiwa, na nani huadhibiwa kwa sababu ya kuona. Jambo lililotugeuza si sifa kwetu. Yatupasa tulieleze kwanza, ili msomaji ajue tumesimama wapi tunapotazama.

Katika darasa moja hapa Mabawa, mjini Tanga, tulitoa jaribio juu ya majira ya mwaka. Swali moja lilikuwa: "Vuli ni nini?" Mtoto mmoja, mwana wa mvuvi, aliandika hivi: "Vuli ni mvua ndogo inayokuja kusi ikiisha na kaskazi haijashika." Karatasi ya majibu tuliyoletewa ilisema kwamba vuli ni majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Nasi, kwa kuwa karatasi ilikuwa mezani na kengele imekaribia kulia, tukamtia kosa. Kesho yake akatujia na daftari lake mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Mwalimu, mkungu wa hapa uwanjani majani yake hugeuka mekundu yakaanguka, na vuli haijafika. Na mwembe haubaki mtupu hata siku moja. Naomba kujua, mti ule wa kwenye jibu ni mti gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia arudi mahali pake, naye akarudi kwa adabu. Jioni ndipo tulipotambua tulilolifanya. Mtoto alikuwa shahidi wa jambo aliloliona kwa macho yake, katika nchi aliyozaliwa. Nasi tulimhukumu kwa ushuhuda wa mtu aliyekuwa akitazama miti ya nchi nyingine. Huko ulikotoka, ushuhuda ule ulikuwa kweli: iko miti ya Ulaya ambayo kila mwaka, baridi ikikaribia, hugeuka rangi ikabaki matawi matupu. Kosa lilikuwa kulichukua jina la mvua yetu na kulivika majani ya ugenini, kisha kumwambia mwenye mvua kwamba haijui.

Sasa na tukitazame kitabu. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama ashtakiwa mbele ya mfalme, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Kosa lake ni kufundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alikwenda, akaona, akarudi na habari za mambo yawezayo kuifaa nchi yake; na malipo ya kila mmoja yakawa kifungo. Mwisho Karama apata haki yake, na wajumbe nao wafunguliwa.

Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha kwamba nchi ile ya angani ilikuwa pazia. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, na Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali hapa Tanga; nchi isiyo na mahali katika ramani haiwezi kumshtaki mwandishi wake. Twakubali. Twaongeza neno moja tu. Mwandishi aliweza kuchagua kosa lolote la kuwatia wajumbe wake gerezani: wizi, uasi, au matusi kwa mfalme. Alichagua kosa la kurudi na habari za mambo waliyoyaona. Tena mmoja wao alimwita Buruhani, yaani ushahidi ulio wazi. Basi nchi inayomfunga Buruhani imeufunga ushahidi wenyewe. Mwingine alimwita Amini; naye hakuaminiwa. Haya si majina ya kuokotwa njiani.

Tulitazame na jina la nchi. Kusadiki ni tendo la mtu: mimi nasadiki, wewe wasadiki. Lakini "kusadikika" ni neno lililompoteza mtendaji wake. Jambo lasadikika, hatuambiwi na nani. Ndivyo yalivyo maneno yote ya namna hiyo: lafikirika, lasikika, laonekana. Twasema, "Milima ya Usambara yaonekana buluu," kana kwamba ubuluu umekaa mlimani ukingoja. Lakini aliyepanda hata Amani, akatembea chini ya miti ile, hajapata kuona mti wa buluu. Buluu ile ni ya mtu aliyesimama huku chini, siku ya mbingu safi, na hewa ya masafa marefu katikati yake na mlima. Hatusemi kwamba yeye amedanganywa. Twasema kwamba neno "yaonekana" limemficha, nasi twapaswa kumtafuta: yaonekana kwa nani, naye yuko wapi? Shaaban Robert alilipenda umbo hili la neno hata akalitumia tena kwa nchi yake ya pili, Kufikirika, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1967, baada ya kufa kwake. Twaona kwamba alijua alilolifanya. Nchi ambamo hakuna anayejulikana kuwa ndiye aliyesadiki, ndiyo nchi ambamo kila mtu asadiki lile linalosadikiwa na wengine.

Lugha yetu yenyewe inatuonya juu ya jambo hili, na neno hilo "kuonya" ni ushahidi wake, maana asili yake ni kumfanya mtu aone. Mswahili haoni kwa macho peke yake. Aona njaa, aona baridi, aona haya, aona uchungu. Husikia sauti kwa sikio, na kadhalika husikia harufu, husikia maumivu. Tena akisema "naona afadhali tungoje," hakuna kitu alichokitazama, ametoa hukumu. Wageni waliojifunza Kiswahili wakati mwingine walidhani huu ni upungufu, kwamba lugha haikutenga kazi za viungo vya mwili. Sisi twaona ni kinyume chake. Lugha imekiri jambo ambalo wenye falsafa wa Ulaya walilijia kwa njia ndefu: ya kwamba kutazama na kuhukumu havikai mbali, na ya kwamba mtu hapokei maumbile kama kioo kinavyopokea sura, bali ayapokea pamoja na njaa yake, baridi yake na haya yake. Immanuel Kant aliyaandika hayo kwa namna yake katika kitabu kikubwa mwaka 1781. Mama zetu waliyasema jikoni bila kitabu.

Katika ukoo wa neno hili limo moja lililotuchoma. Kutoka "ona" hutoka "onea." Kumwonea mtu huruma ni jambo jema, kumwonea wivu ni jambo baya, lakini kumwonea tu, bila neno jingine, ni kumdhulumu. Tulilitumia neno hili tangu utoto, wala hatukulisikia. Kumwonea mtu ni kumfanyia dhuluma kwa nguvu uliyo nayo juu yake. Na umbo la neno ni la kuona. Hatudai kwamba twajua namna maana mbili hizi zilivyoungana. Twasema tu kwamba siku ile darasani zote mbili zilitimia kwa mara moja: tuliona badala ya mtoto, na kwa hiyo tulimwonea.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya majira tu, na kwamba neno moja lililotafsiriwa vibaya haliwezi kuharibu elimu. Basi natufuate pande sita za wajumbe, angalau zile nne za ramani. Kaskazini na kusini, maneno ambayo mtoto hujifunza kama majina ya ncha za dira, hayakuanza katika dira. Yalianza katika tanga la chombo. Kaskazi ni upepo utokao kaskazini na mashariki, uvumao tangu Desemba hata Machi hivi, ulioleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi ni upepo wa upande wa pili, uliowarudisha. Mtu wa pwani alipotaka kutaja upande wa dunia, alitaja upepo unakotokea. Mashariki na magharibi tuliyapata kwa Waarabu, nayo ni mahali jua linapochomoza na mahali linapotua. Neno kibla, ambalo wazee wa pwani hulitumia pia kwa maana ya kaskazini, ni upande wa Makka; lakini Mwislamu wa Bara Hindi, akielekea kibla hiyo hiyo, aelekea magharibi. Makka haikuhama. Aliyehama ni mtazamaji.

Ndivyo ilivyo na saa. Twahesabu saa moja baada ya jua kuchomoza, na saa moja tena baada ya kutua, kwa sababu hapa kwetu, kiasi cha digrii 5 kusini ya ikweta, urefu wa mchana hubadilika mwaka mzima kwa kiasi cha nusu saa hivi tu. Hesabu yetu yafuata jambo lionekanalo. Mwingereza aanza siku yake usiku wa manane, wakati ambao hakuna jicho linaloona lolote, na yeye pia ana sababu yake: kwao jua la Desemba na jua la Juni hayachomozi kwa wakati ulio karibu, wala halifai kuwa mwanzo wa hesabu. Mzee wa pwani akisema "usiku wa Ijumaa," ana maana ya usiku unaoitangulia Ijumaa, maana siku yake huanza jua litwapo. Kijana aliyesoma shuleni huja usiku unaofuata, akakuta arusi imekwisha. Hakuna aliyesema uongo kati yao. Kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kuingilia siku.

Kamusi za kale, tangu ile ya Krapf ya mwaka 1882 hata ile ya Johnson ya mwaka 1939, zilitungwa ili mgeni alielewe neno la pwani. Ni kazi kubwa, nasi tumekula matunda yake. Lakini hazikutungwa ili mtoto wa pwani ajifunze humo maana ya neno lake mwenyewe. Hatari ilikuja pale waandishi wa vitabu vya shule walipoyageuza majina. Walikuwa na majira manne ya Ulaya mikononi, wakatafuta majina manne ya Kiswahili ya kuyavisha. Na masika, kiangazi, vuli na kipupwe yakapatikana. Hesabu ilitimia, maana ikapotea. Masika, mvua kubwa ya Machi hata Mei, ikatakiwa ichipushe maua ya ugenini. Na demani, majira ya pepo za upole kusi ikilegea, ikakosa mahali pa kukaa, kwa kuwa ilikuwa ya tano.

Hapa yatupasa kujihadhari, maana iko njia ya kupotea upande wa pili. Wako wasomi wa siku hizi wanaosema kwamba kila watu wana maumbile yao na ukweli wao, na kwamba hakuna wa kumsahihisha mwingine. Hatuwafuati. Wazee walisema, "Maji ya kifuu bahari ya chungu," na methali hii huchekwa upesi kuliko inavyofikiriwa. Chungu aliyeko ndani ya kifuu cha nazi hasemi uongo. Maji yale yaweza kumzamisha. Kwake ni bahari kweli, na anayemcheka hajapata kuwa chungu. Apotea siku ile tu anapopanda ukingoni na kuwafundisha wavuvi kwamba bahari yaishia hapo. Basi twaweza kuiheshimu bahari ya chungu bila kuifuta bahari ya wavuvi. Tena tukumbuke kwamba kifuu si cha mtoto wa Mabawa peke yake. Mwenye kuandika kitabu katika mji mkubwa wa ng'ambo naye ana kifuu chake. Ila cha kwake kimepigwa chapa.

Fimbo moja yatosha kulithibitisha neno hili. Vitabu vilivyotungwa kwa shule za Ulaya husema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Mwalimu na asimamishe fimbo uwanjani. Mwezi wa Juni, jua likiwa limekwenda upande wa kaskazini, kivuli cha adhuhuri hapa Tanga chaelekea kusini. Mwezi wa Desemba chaelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita juu ya utosi, na kivuli karibu hakipo. Tena ataona kwamba kivuli kilicho kifupi kuliko vyote hakiji saa sita kamili ya saa ya mkononi, bali dakika kadhaa baadaye, kwa kuwa saa ya nchi yetu yafuata mstari ulio mashariki zaidi, juu ya bahari. Kitabu hakikudanganya juu ya jua, wala mtoto hakudanganya juu ya fimbo. Jua ni moja. Nasi hatulijui vema mpaka tumejua vivuli vyake vya kila mahali. Huu ndio ukweli tunaoutetea: si wa kila mtu kujifungia na wake, bali wa kuwaleta wajumbe wa pande zote na kuwasikiliza.

Na hapa Tanga tumepewa mfano ambao Shaaban Robert hakuwahi kuujua, maana alifariki mwaka 1962. Kwa muda mrefu wataalamu walimjua samaki mmoja kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, wakasadiki kwamba aina yake ilikwisha kutoweka tangu zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa karibu na East London, Afrika ya Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho la mji ule, alimwona na kutambua kwamba si samaki wa kawaida. Na mwaka uliofuata Profesa J. L. B. Smith akamtangaza kwa jina la Latimeria. Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alieneza pwani ya Afrika matangazo yenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Msomaji aona lugha iliyokosekana. Wa pili akapatikana Desemba 1952, katika visiwa vya Ngazija, na huko wavuvi hawakushangaa. Walikuwa wakimjua, wana jina lake, gombesa, na hawakumthamini sana kwa chakula. Tangu mwaka 2003 wamevuliwa na hapa Tanzania, na wengi wao katika maji ya Tanga, katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye vilindi. Na mwaka 2009 serikali ikaweka Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kwa ajili yake.

Nani basi alimwona samaki yule? Wavuvi wa Ngazija walimwona miaka mingi, lakini hawakuona umri wake. Wataalamu waliuona umri, lakini hawakumwona samaki. Na kwa kuwa jambo lao lilikuwa limekwisha "kusadikika," hawakwenda kumwuliza mwenye mshipi. Elimu yao ilikuwa kweli, nayo ikawafunika macho kwa ukweli wake. Hatuwacheki: bila wao, gombesa angebaki samaki asiyependeza mchuzini. Twataja tu kwamba ushahidi ulikuwa umekaa sokoni, nao hawakupata habari. Buruhani alikuwa amekwisha kurudi safari yake; hakuna aliyempokea.

Sasa twaweza kusema lile tunaloliona kuwa upungufu wa kitabu, kwa heshima tuliyo nayo kwa mwandishi wake. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji huu. Alifanya kazi ya forodha, na Pangani ni mahali pamoja alipoifanya. Baadaye alitumika Tanga katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Alijua bamvua na maji mafu, alijua chombo kinapochelewa kwa ajili ya upepo. Lakini alipotaka kuandika juu ya watu walioona, alituwekea nchi ya hewani ambamo mambo mengi yana majina ya tabia na machache yana rangi na harufu. Twawasadiki wajumbe wake kwa kuwa wana majina mema. Si kwa kuwa tumesimama nao mahali na kuona walichokiona. Tena Karama ashinda kwa ufasaha. Baraza lasikiliza, laguswa moyo, lageuka. Hatumsikii mzee mmoja akisema, "Na twende tukatazame." Basi hata ushindi wa kweli katika nchi ile ni ushindi wa kusadiki: jana walisadiki maneno ya Majivuno, leo wasadiki maneno ya Karama. Kesho, akija msemaji mwingine aliye fasaha kuliko wote wawili, itakuwaje?

Wako watakaomtetea, nasi twauona uzito wa hoja yao. Watasema kwamba mfano hauhitaji harufu ya bahari, na kwamba angeitaja Tanga kwa jina, kitabu kisingefika mikononi mwetu. Tena watasema kwamba jina la kitabu ni onyo lake: mwandishi hakuiita nchi ile Kuonekana, akaiita Kusadikika, ili tujue tangu mlangoni kwamba hiyo ndiyo maradhi yake. Huenda ndivyo. Ikiwa ndivyo, kitabu ni kikubwa kuliko tulivyokisifu, na kazi ya kumalizia imeachwa kwa msomaji. Sisi twaelekea kuamini hivyo, lakini hatutaki kumpa mwandishi kila tunalolitamani. Kumsoma mtu kwa upendo tu, bila kumtazama, nako ni namna ya kumwonea.

Kwa waalimu tuna maneno matatu machache. Kwanza, katika kufundisha mambo ya maumbile, tusilitumie neno "yaonekana" au "yasemekana" bila kumuuliza mtoto: kwa nani, na kutoka wapi? Pili, majira ya Ulaya yafundishwe kwa maelezo yake yenyewe, kwamba ni majira ya baridi au ya kupukutika majani katika nchi zile. Na vuli, masika, kipupwe na demani yaachiwe wenyewe. Mtoto wa Tanga ana haki ya kujua habari za theluji, na ana haki ya kutonyang'anywa mvua yake kama bei ya kuzijua. Tatu, jibu la karatasi likipingana na jibu la mtoto, mwalimu asimamishe fimbo kabla ya kushika kalamu nyekundu. Mara nyingine mtoto atakuwa amekosea, na fimbo itamfundisha vizuri kuliko sisi. Mara nyingine tutakuwa tumekosea sisi.

Habari ya mtoto wetu hatukuweza kuitengeneza kama ilivyotupasa. Tulipotaka kumrudishia alama yake, hesabu ilikuwa imekwisha kupelekwa, na tukaambiwa kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Tulimwita tukamwambia mbele ya wenzake kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na letu ni la nchi nyingine. Aliitika, "Ndiyo, mwalimu," kisha akauliza kama sasa aandike lipi katika jaribio lijalo. Swali hilo twaliweka mbele ya wasomaji, maana hatujapata jibu la kumpa ambalo halimfundishi ama kusema uongo ama kushindwa.

Twaomba pia waalimu wa Pangani, wa Moa, wa Mkinga, wa Pemba na wa visiwa vingine watuletee majina ya pepo, ya mvua na ya maji kama wavuvi na wakulima wa mahali pao wanavyoyataja leo, pamoja na siku na dalili zake. Wasiyarekebishe kwa kamusi kabla ya kuyaleta. Likiwapo jina linalopingana na hili tuliloliandika hapa, hilo ndilo tunalolitaka kwanza.